Je, Wajua? Drafti Imetatuliwa, Bao Bado

Je, wajua kwamba tangu mwaka 2007 drafti ya Kiingereza haina siri tena? Profesa Jonathan Schaeffer wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, pamoja na wenzake, walithibitisha kuwa wachezaji wawili wasiokosea hata hatua moja watatoka sare, hata wacheze mara ngapi. Kazi hiyo ilianza mwaka 1989. Ubao wa miraba 64 una mipangilio ya kete ipatayo 5 ikifuatwa na sifuri 20, na hakuna kompyuta iliyoweza kuipitia yote. Basi wakaanzia mwishoni. Walichukua ubao wenye kete chache kabisa, wakajua nani anashinda, wakaongeza kete moja, kisha nyingine, hadi wakafika kete 10, kila hatua ikitegemea majibu ya ile iliyotangulia. Hazina waliyoipata ilikuwa na mipangilio trilioni 39, na kila mmoja una jibu lake: ushindi, kushindwa au sare. Ndipo wakarudi mwanzo wa mchezo na kusonga mbele hadi walipokutana na hazina hiyo.

Programu yao iliitwa Chinook, na kabla ya kuutatua mchezo ilibidi ipambane na mtu. Mtu huyo alikuwa Marion Tinsley, mwalimu wa hisabati wa Florida, bingwa ambaye kwa zaidi ya miaka 40 alishindwa michezo michache mno, ya kuhesabika kwa vidole. Katika mchezo mmoja wa mwaka 1990, Chinook ilipocheza hatua yake ya 10, Tinsley alimwambia Schaeffer palepale kwamba ataijutia. Kompyuta haikuona hatari yoyote. Hatua 26 baadaye ilisalimu amri. Schaeffer aliporudi kuuchambua mchezo ule, alikuta kwamba Tinsley alikuwa sahihi tangu pale alipotamka. Mwaka 1992, mjini London, Tinsley aliishinda Chinook michezo 4 kwa 2, na 33 ikawa sare. Walikutana tena Boston mwaka 1994. Baada ya sare 6 Tinsley akajitoa kwa sababu ya ugonjwa, na mwaka uliofuata akafariki. Kwa maoni yangu, hakuna sifa kubwa zaidi kwa kichwa cha binadamu kuliko hii: ilichukua miaka 18 ya kompyuta kuthibitisha kile ambacho yeye alikuwa akikikaribia kwa kufikiri tu.

Anayecheza kijiweni kwa vizibo vya soda asivunjike moyo. Drafti ya Tanzania si ile iliyotatuliwa. Kwetu kingi, yaani kete iliyofika mwisho wa ubao, huruka mbali, hupita miraba mingi kwa hatua moja, ilhali katika drafti ya Kiingereza husogea mraba mmoja mmoja. Kanuni moja ikibadilika, uthibitisho wote unaanguka.

Je, wajua kuwa mchezo wa Connect Four, wa kudondosha vidonge ili kupanga vinne mfululizo, ulitatuliwa mara mbili katika mwezi mmoja? Ilikuwa Oktoba 1988. James Allen na Victor Allis, kila mmoja kivyake, waligundua kwamba anayeanza hushinda akidondosha kidonge cha kwanza safu ya katikati. Akianza na safu jirani yake, mpinzani hodari anaweza kupata sare. Akianza na mojawapo ya safu nne za pembeni, mpinzani anaweza kumshinda.

Ndugu wa bao naye ametatuliwa. Awari, mchezo wa Afrika Magharibi wenye mashimo 12 na kete 48, ulitatuliwa mwaka 2002 mjini Amsterdam na John Romein na Henri Bal. Kompyuta yao yenye prosesa 144 ilitumia saa 51 kukokotoa mipangilio 889,063,398,406. Jibu likawa sare.

Watu wengi huchanganya kushinda na kutatua. Mwaka 1997 kompyuta ya Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov katika chesi, lakini chesi haijatatuliwa; kinachojulikana kikamilifu ni mwisho wa mchezo, pale kete zinapobaki 7 au chini ya hapo. Mwaka 2016, mjini Seoul, programu ya AlphaGo ilimshinda bingwa Lee Sedol michezo 4 kwa 1 katika mchezo wa Go, na wengi wakadhani mambo yamekwisha. Mwaka 2023 mchezaji wa ridhaa wa Marekani aliishinda KataGo, programu yenye nguvu sana ya Go, michezo 14 kati ya 15. Alizizunguka kete za programu hiyo polepole huku akiishughulisha pembeni, nayo isitambue kwamba imezingirwa. Mbinu hiyo ilikuwa imegunduliwa na programu nyingine iliyotumwa kutafuta udhaifu. Akili mnemba iliyojifunza kwa kucheza hukisia vizuri mno, lakini mchezo uliotatuliwa hauachi nafasi ya kukisia.

Na bao la Kiswahili? Halijatatuliwa. Lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, 6 zikiwa katika shimo liitwalo nyumba, na 22 zikingoja kuingia moja moja katika awamu ya kwanza, namua. Baada ya hapo huja awamu ya pili, mtaji. Zamu moja inaweza kula, kusambaza, kula tena na kuzunguka ubao, na kete ya mwisho ikiangukia nyumba, wakati mwingine mchezaji huchagua mwenyewe kusimama au kuendelea. Ongeza tofauti za kanuni kati ya mji na mji, na utaona kazi iliyopo. Mtafiti Alex de Voogt aliwaandika mabingwa wa Zanzibar katika tasnifu yake ya mwaka 1995, ila kumbukumbu za michezo yenyewe bado ni chache, na kompyuta haina pa kuanzia bila kanuni zilizoandikwa wazi. Ukibarizi na fundi wa bao, mwombe ruhusa uandike mchezo wake shimo kwa shimo tangu namua, na kanuni za mtaa wake pia.