Kwa Mkapa hatoki mtu, lakini geti lazima litoe watu

MASHABIKI wa Simba wana msemo wao: "Kwa Mkapa hatoki mtu." Mgeni akitua Dar es Salaam, ajue pointi tatu anaziacha. Ndani ya uwanja msemo huo ni mtamu, lakini ukihamia kwenye mageti unageuka sumu.

Siku hizi shabiki anaingia Kwa Mkapa na N-Card. Anagusa kadi kwenye mashine, geti linaachia, anazama ndani. Mageti ya aina hii yanaongozwa na kompyuta, na kuna mtu aliyeupangia kila mlango cha kufanya. Mipangilio hiyo ndiyo inayoamua mambo siku uwanja ukitapika.

KADI MOJA, MTU MMOJA

Mfumo unaweza kupangwa ukumbuke kadi iliyokwishaingia. Mjanja akimrushia kadi mshikaji wake aliyebaki nje, inakataliwa mpaka isomwe ikitoka.

Kuna pia muda wa mlango kubaki wazi. Ukipewa sekunde nyingi, wawili watatu wanajipenyeza kwa kadi moja. Ukipewa chache, mama aliyebeba mtoto anabanwa na foleni inasimama.

Foleni nayo ina hesabu yake. Green Guide, mwongozo wa usalama wa viwanja Uingereza, unataka geti moja la kuzunguka lisihesabiwe kupitisha zaidi ya watu 660 kwa saa. Kwa Mkapa wanaingia 60,000. Kwa hesabu hiyo yanatakiwa mageti 91, bila hata moja kukwama, ili wote waingie ndani ya saa moja.

Msongamano si hadithi ya mbali. Mei 28, 2023, siku Yanga ilipocheza na USM Alger fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho Afrika, shabiki mmoja alipoteza maisha kwenye msongamano uwanjani hapo.

UMEME UKIKATIKA

Mpangilio mzito kuliko yote ni huu: umeme ukikatika, mlango ufanye nini?

Kufuli la sumaku linashikiliwa na umeme, hivyo umeme ukizimika linaachia. Lipo jingine la kinyume chake, ambalo umeme ukizimika linabaki limefunga. Hilo la pili linafaa chumba cha kuhesabia mapato. Kwenye njia ya kutokea mashabiki ni mtego.

Mlango wa kutokea unatakiwa uachie umeme ukikatika, uachie king'ora cha moto kikilia, na ufunguke kwa kusukumwa tu kutoka ndani, bila kadi wala funguo. Mageti ya kuzunguka yasihesabiwe kabisa kama njia ya kutokea.

SOMO LA DAMU

Soka limejifunza hili kwa vifo. Mei 11, 1985, jukwaa liliwaka moto Bradford, Uingereza, wakafa watu 56, wengi wakiwa wamekimbilia milango ya nyuma iliyofungwa. Mei 9, 2001 jijini Accra, polisi walipiga mabomu ya machozi kwenye mechi ya Hearts of Oak na Asante Kotoko. Mashabiki walikimbilia milango, wakaikuta imefungwa. Zaidi ya 120 walikufa.

Januari 24, 2022 wanane walikufa nje ya Uwanja wa Olembe, Cameroon, kwenye AFCON. Rais wa CAF, Patrice Motsepe, alisema geti lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa.

Milango ya Bradford na Accra haikuwa na kompyuta. Ya leo inayo, lakini kompyuta ikipangwa vibaya itafunga vilevile, tena fasta zaidi.

Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa AFCON 2027. Nyasi zitakaguliwa, taa zitapimwa. Milango nayo ipimwe: siku moja kabla ya mechi, uwanja ukiwa mtupu, izimwe swichi kubwa, kisha kila mlango wa kutokea usukumwe kwa mkono. Ukigoma hata mmoja, mashabiki wasiingie mpaka utengenezwe.