Kompyuta ya Kujiundia: Umeme Kwanza, Picha Baadaye

Kijana wa Nakivale, wilayani Isingiro, aliyejifunza kuhariri filamu au kuchora ramani za nyumba kwa kompyuta, mara nyingi hulazimika kusafiri hadi Mbarara kutafuta vipuri. Makazi hayo, yaliyoanza mwaka 1958 kwa kuwapokea wakimbizi wa Rwanda, leo yana pia Wakongo, Warundi na Wasomali. Fedha anazobeba aghalabu ni akiba ya nyumba nzima, na zikipotea dukani hazirudi upesi.

Wengi huchagua kwanza kadi ya picha, yaani kile kipande kinachochora vitu kwenye kioo, kisha hununua pawa saplai kwa fedha zilizosalia. Mpango huo ni kichwa chini miguu juu. Pawa saplai ndiyo inayopokea umeme wa volti 240 na kuugeuza kuwa wa volti 12, 5 na 3.3. Ikiharibika vibaya huweza kuiua kadi, mazabodi na hata diski yenye kazi ya miezi.

Mnunuzi asidanganywe na wati zilizoandikwa kwa tarakimu kubwa ubavuni. Asome kibandiko, mstari wa volti 12, kwa kuwa kadi na prosesa hula hapo. Azidishe ampea kwa 12. Kisanduku kinachojigamba kuwa na wati 500, lakini chenye ampea 18 tu katika mstari huo, hutoa hapo wati 216. Muuzaji akicheka na kusema zote ni sawa, mnunuzi akirudishe rafuni bila maneno.

Kadi kama GTX 1050 Ti hula yapata wati 75, kiasi kinachoweza kupita katika tundu la mazabodi bila waya wa ziada. RX 580 hutajwa kuwa ya wati 185, nayo hudai waya wake. Ikiwa prosesa ni ya wati 65 na vipande vingine hula 50, kompyuta yenye kadi ndogo huhitaji wati 190. Pawa saplai ya kweli ya wati 400 huitosha kwa raha. Yenye kadi kubwa hufikia 300, na hiyo itafutiwe ya 550.

Kwa nyumba inayotegemea sola, hesabu ni kali zaidi. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 haifai kumalizwa kupita nusu. Baada ya inveta kula fungu lake, hubaki kama wati-saa 500. Kompyuta ya kadi ndogo, pamoja na kioo chake, itafanya kazi nzito kwa zaidi ya saa mbili. Ile ya kadi kubwa, saa moja na nusu hivi. Nani basi atanunua kadi kubwa ili akae gizani?

Pawa saplai nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115 na kuchomekwa katika umeme wa Uganda, hulipuka papo hapo. Tena isifunguliwe nyumbani, hasa penye watoto, kwani hutunza umeme hatari hata baada ya kuchomolewa. Kompyuta za ofisi za Dell na HP nazo mara nyingi zina plagi za namna yake. Fundi aonyeshwe mashine yenyewe kabla ya kununua.

Familia za askari, kama wale wa kambi ya Makenke, zina jambo moja la ziada: uhamisho. Kadi nzito ichomolewe na kufungwa peke yake kabla ya kupakiwa kwenye lori, maana barabara mbovu huvunja tundu lake.

Fedha zisitolewe kabla fundi hajaiwasha kompyuta yote na kuitumikisha kwa kazi nzito nusu saa. Harufu ya kuungua au kujizima ghafla vikitokea, vitokee Mbarara mbele ya muuzaji, na stakabadhi iandikwe aina na wati za kila kifaa.