Menyu Ikae Wapi?

Katika ofisi ndogo za uchapaji za mtaa wa Saio, mjini Bunia, si ajabu kukuta kompyuta mbili zimekaa meza moja na hazisemi lugha moja. Ya kwanza ina maandishi ya Kifaransa, lugha ya shule na ofisi za Kongo. Ya pili ilinunuliwa ng'ambo ya mpaka, Uganda, nayo ni ya Kiingereza. Mteja aliyeleta flashi yenye TFC yake, ile kazi ya kumalizia masomo ya chuo, anazungumza na mchapaji kwa Kiswahili, na nyumbani huenda wanasema Kilendu, Kihema au Kialur.

Hata hivyo kazi haikwami. Mchapaji mzoefu hapotezi muda kusoma neno la kwanza la menyu. Kishale kinakwenda pembe ya juu kushoto, kinabofya, kinashuka hadi kwenye uchapishaji, na karatasi zinaanza kutoka. Iwe pameandikwa "Fichier" au "File", mkono umeshafika.

Ndiyo maana ubishi ambao wabunifu wa kompyuta wameuendeleza kwa zaidi ya miaka 40 una uzito wa pekee mahali kama Bunia. Menyu ya programu ikae wapi: juu kabisa ya skrini, ndani ya kila dirisha, au ifichwe nyuma ya kitufe? Waliouanzisha ubishi huo California walikuwa wakitafuta wepesi wa mkono. Kwa mtu anayetumia kompyuta isiyosema lugha yake, mahali pa kitu ni nusu ya kusoma.

Menyu hazikuzaliwa juu ya skrini. Katika Smalltalk, programu iliyotengenezwa na watafiti wa Xerox miaka ya 1970, menyu iliibuka palepale kishale kilipo. Bill Atkinson wa Apple, alipokuwa akibuni sura ya kompyuta ya Lisa, alipiga picha za Polaroid za majaribio yake, na picha hizo zinaonyesha jinsi mambo yalivyohamahama: menyu iliwahi kukaa kwenye dirisha kabla ya kupandishwa hadi ukingo wa juu wa skrini. Lisa ilitoka mwaka 1983. Macintosh iliifuata Januari 1984, ikiwa na skrini ya inchi 9 tu, yenye nukta 512 kwa 342. Kwenye nafasi finyu kiasi hicho, kurudia menyu katika kila dirisha kungekuwa ubadhirifu.

Lakini sababu yenye nguvu zaidi ilikuwa imekwisha kuandikwa miaka 30 kabla. Mwaka 1954, mwanasaikolojia wa Marekani Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa mkono kufikia shabaha huongezeka kadiri shabaha inavyokuwa mbali, na hupungua kadiri inavyokuwa kubwa. Fitts hakuwa na kipanya mbele yake. Kipanya kilikuja baadaye. Wabunifu wa Apple, Bruce Tognazzini akiwa msemaji wao mkuu katika jambo hili, waliona maana yake upesi. Kishale hakiwezi kuvuka ukingo wa skrini. Mtu akikisukuma juu kwa nguvu zake zote, kitasimama hapohapo, juu ya menyu. Ufito ule mwembamba unakuwa kama shabaha isiyo na mwisho kwa upande wa juu. Menyu ikiwa ndani ya dirisha, mkono lazima upunguze mwendo na kulenga, la sivyo unapitiliza na kuangukia kwenye jina la dirisha. Pembe ni bora zaidi, kwa sababu kingo mbili zinakizuia kishale kwa pamoja.

Microsoft ilichagua vingine. Windows ya kwanza, iliyotoka Novemba 1985, iliweka menyu katika kila dirisha. Apple iliishtaki Microsoft mwaka 1988 kwa kuiga sura ya kompyuta zake, ikashindwa, na mahakama ya rufaa ikathibitisha hukumu hiyo mwaka 1994; lakini kwa habari ya menyu kampuni hizo mbili zilikuwa zimeshaachana njia zamani. Uamuzi wa Microsoft nao una hoja. Menyu inayokaa na kazi yake haimchanganyi mtu. Kwenye Mac, ufito wa juu hubadilika kila programu nyingine inapochukua zamu, na asiyeangalia vizuri anaweza kuamuru programu ambayo hakuikusudia. Skrini zikiwa kubwa na madirisha mengi, safari ya kutoka chini kwenye kazi hadi juu kwenye menyu huwa ndefu.

Kwa laptopu ya inchi 14 iliyofunguliwa dirisha moja likijaza skrini yote, tofauti ya njia hizo mbili ni ndogo kuliko kelele zake: upana wa ufito mmoja tu. Kwa hiyo mwenye ofisi ya uchapaji Saio hana haja ya kuwa wa chama cha Apple wala cha Microsoft. Linalomhusu ni jingine, nalo lilijitokeza wazi katika mkasa wa Ubuntu.

Ubuntu, mfumo wa bure ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ulitoka mara ya kwanza Oktoba 2004. Aprili 2011 ulihamia sura mpya iitwayo Unity, ambayo awali ilikusudiwa kompyuta ndogo. Menyu zilitolewa kwenye madirisha zikapelekwa juu ya skrini. Kama mambo yangeishia hapo, Fitts angekuwa upande wao. Ila Unity ilifanya na la pili: menyu hazikuonekana mpaka kishale kifike juu. Malalamiko yalikuwa mengi, na toleo la Aprili 2014 likawapa watumiaji uhuru wa kuzirudisha kwenye dirisha. Miaka mitatu baadaye kampuni ya Shuttleworth, Canonical, ilitangaza kuiacha Unity. Mahali palikuwa pazuri. Kosa lilikuwa kuficha.

Kosa hilo halikuwa la Ubuntu peke yake. Microsoft Office ya mwaka 2007 iliondoa menyu za maneno na kuweka utepe wa vitufe. Neno la kwanza lile, makazi ya kuhifadhi na kuchapisha, likageuzwa kuwa duara lenye nembo. Lilikuwa katika pembe ileile, lakini wengi walilidhania pambo. Toleo la 2010 likarudisha neno. Windows 8 nayo, mwaka 2012, ilikiondoa kitufe cha kuanzia katika pembe ya chini kushoto, na Windows 8.1 ikakirudisha mwaka uliofuata. Kampuni kubwa zina tabia ya kugundua upya mambo ambayo mchapaji yeyote angewaambia bila malipo.

Wapo wanaosema menyu imepitwa na wakati, kwamba mjuzi hutumia njia za mkato za kibodi. Bunia hoja hiyo inaingia matatani. Katika Word ya Kifaransa, kukoleza maandishi ni Ctrl na G. Katika ya Kiingereza ni Ctrl na B, na Ctrl na G inafungua kisanduku cha kwenda ukurasa mwingine. Kibodi zenyewe hazifanani. Herufi Z ya kibodi ya Kifaransa iko pale ilipo W ya kibodi ya Kiingereza. Aliyezoea ya kwanza akitaka kutengua kosa kwenye ya pili, kidole chake kinabonyeza Ctrl na W, amri ya kufunga waraka. Menyu haimtegi mtu hivyo.

Waliotafsiri kompyuta kwa Kiswahili nao walilinda mahali pa menyu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice: maneno yakawa ya Kiswahili, mpangilio ukabaki uleule. Kiarabu hugeuza hata mahali. Mzanzibari aliyeko Muscat akifungua Windows ya Kiarabu, menyu zinaanzia kulia, kama maandishi yenyewe.

Kwa ofisi zenye mashine mchanganyiko, dawa nyingi hazihitaji fundi. Windows 11, iliyotoka 2021, huweka kitufe cha kuanzia katikati, lakini mipangilio ya ufito wa chini inaruhusu kukirudisha kushoto, kwenye pembe. Kivinjari cha Firefox huficha menyu zake. Kitufe cha Alt huziita kwa muda, na kubofya kulia sehemu tupu ya juu kunatoa chaguo la kuziacha wazi daima. LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice, ina utepe kwa anayeutaka, lakini ikiwekwa mara ya kwanza huja na menyu za maneno chini ya jina la dirisha, ya faili ikitangulia kushoto.