Je, Wajua? Wazo la Mfanyakazi Lina Thamani

Je, wajua kwamba mwaka 1954 Marekani ilipitisha sheria ya kumlipa mfanyakazi wa serikali fedha kwa wazo linaloboresha kazi au kupunguza gharama? Uskoti ilitangulia: kiwanda cha meli cha William Denny, mjini Dumbarton, kilianza kuwatuza mafundi wake kwa mapendekezo yao mwaka 1880. Hoja kwamba wazo la mfanyakazi lina thamani haihitaji maelezo marefu mjini Sake, mashariki mwa Kongo, mahali ambapo chukudu hupita na makaa, viazi na mbao kutoka Masisi kwenda Goma. Chombo hicho cha mbao, chenye magurudumu mawili yaliyovishwa mpira wa matairi chakavu, kimeboreshwa na wanaokiunda na kukisukuma, na Goma imekijengea sanamu ya rangi ya dhahabu.

Basi muuguzi anayejua kwa nini kitanda cha kujifungulia kinamtesa mzazi, au kibarua wa barabara anayejua toroli hukatikia wapi, naye anastahili tuzo. Wapo watakaosema kufikiri ni sehemu ya kazi, tena mishahara yenyewe huchelewa. La kwanza silikubali: mshahara hulipia kazi uliyopangiwa, si uvumbuzi. La pili ni zito, na tuzo kamwe isichukue nafasi ya mshahara; lakini inaweza kutolewa katika fedha iliyookolewa na wazo hilo, kifaa kilichoboreshwa kikishajaribiwa. Wakuu wa huduma za Leta, yaani serikali, huko Masisi na Walikale, waulizeni wanaoshika vifaa, na wazo likifaa, liandikwe kwa jina la aliyelitoa.