Toeni ile waya kwenye kifuniko

Mwezi wa nane nilifika kwenye koperative moja, upande wa reli inayoenda Kabalo, kuangalia ujenzi wa ghala ya kukaushia mahindi, ile tunaita crib. Nguzo zilikuwa zimekwisha kusimama, na bati za kuzuia panya zilikuwa mahali pake. Kazi iliyobaki ilikuwa lati za ukuta, na lati za crib ni nyingi sana. Kwa msumeno wa mukono ni kazi ya siku na siku. Kwa hiyo walikuwa wanatumia musumeno wa umeme wa mviringo, scie circulaire, na jenereta ilikuwa inalia nyuma ya nyumba.

Papa aliyekuwa anakata alikuwa ameinama, ubao ameukanyaga kwa muguu wa kushoto, na mashini inapita karibu na vidole vya muguu ule. Alikuwa na sandale. Kile kilichonisimamisha ni kitu kingine: kifuniko cha chini, kile kinachojifunga chenyewe juu ya diski, kilikuwa kimevutwa nyuma na kufungwa na waya ya kufungia chuma. Diski yote ilikuwa wazi.

«Papa, hii waya ni ya nini?»

«Agronome, ile kifuniko inatusumbua tu. Inakwama, inachelewesha kazi. Tuliifunga ili tumalize mbele ya mvua.»

Sikumukaripia. Ni sisi tulioleta mashini ile, ndani ya katoni yake, na kikaratasi ambacho hakuna mutu pale alikisoma. Tulichukua sahihi za komite, tukarudi mjini. Kwenye institut nilifundishwa udongo, mbegu na wadudu, musumeno sikufundishwa. Niliyoandika hapa nilijifunza kwa maseremala, na mara moja kwa hofu yangu mwenyewe: mashini iliruka mikononi mwangu na ikapasua suruali, bila kugusa nyama.

Diski ya kawaida ya musumeno huu ina upana wa milimeta 185, na inazunguka karibu mara 5 000 kwa dakika. Fanyeni hesabu: jino moja linapita mita 48 kwa kila sekunde, zaidi ya kilometa 170 kwa saa. Hakuna pikipiki inayokimbia vile kwenye barabara zetu. Mutu hawezi kuondoa mukono mbele ya jino ile. Na ukiachilia kitufe, diski inaendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa. Watu wengi wanaweka mashini chini wakati ule, kifuniko kikiwa kimefungwa na waya, na diski inatembea yenyewe juu ya udongo mpaka kwenye muguu wa mutu.

Lakini hatari kubwa inakuja kati ya kazi, mashini ikiwa ndani ya ubao. Tuseme umelaza ubao mrefu juu ya matofali mawili, moja huku, lingine kule, na unakata katikati. Ukifika karibu na mwisho, ubao unapinda chini kwa uzito wake. Ile njia uliyokata inajifunga kwa juu na inakamata diski kama koleo. Motere haisimami, ina nguvu. Kwa hiyo mashini yote inatoka ndani ya ubao na inaruka nyuma, kwako. Kwa mutu aliyeinama, nyuma ni paja, na ndani ya paja kuna mushipa mukubwa wa damu.

Hapo ndipo kifuniko kinafanya kazi yake. Musumeno ukitoka ndani ya ubao, springi inakirudisha mara moja na meno yanafunikwa. Ukifunga waya, meno yanakuja wazi.

Ubao wetu unaongeza shida. Mbao nyingi tunazopata zimepasuliwa msituni karibuni, bado mbichi. Ekaliptusi ni mbaya zaidi: muti wake unakua na nguvu iliyofungwa ndani, na ukiupasua kwa urefu, vipande vinapinda vyenyewe na kubana diski hata kama ubao umelala vizuri. Kwa kupasua lati, pigeni kabari ndogo ya muti ndani ya njia nyuma ya diski, mashini ikiwa imesimama, kila mita moja hivi. Na mbao zikikaa kivulini kwa wiki kadhaa, na vijiti kati yao, zitakuwa na adabu zaidi. Hiyo tunaijua, tunafanya vilevile na mahindi.

Namna ya kulaza ubao: kama unakata kipande cha mwisho, ushike upande mukubwa juu ya meza na uache kipande kidogo kining'inie na kianguke chenyewe. Kama unakata katikati ya ubao mrefu, weka vigogo vinne, viwili kila upande wa njia, karibu na njia. Muguu si meza. Magoti pia. Ubao ufungwe na serre-joint, na kama haiko, pigeni misumari miwili mahali ambapo diski haitapita. Mikono yote miwili inabaki kwenye mashini. Wewe simama kando ya njia, si nyuma yake.

Diski itokeze chini ya ubao kwa urefu wa jino moja tu, milimeta tano au sita. Papa wetu alikuwa amewacha diski yote inashuka, sentimeta nne zinatembea hewani chini ya ubao, hapo pa vidole vya muguu.

Sasa, kwa nini kifuniko kinakwama? Malalamiko ya papa yalikuwa ya kweli. Tulichomoa waya ya umeme (kuzima kitufe hakutoshi), tukageuza mashini. Ndani ya springi na pembeni mulikuwa utomvu na unga wa muti, umekauka kama gundi. Tulifuta na kitambaa chenye petroli kidogo ya taa, tukaacha ikauke kabisa. Hatukutia mafuta, kwa sababu mafuta yanakusanya unga upya. Dakika kumi. Kisha tulivuta kifuniko na kukiachilia: kilirudi na sauti, tak! Kama hakirudi vile, mashini hiyo haifanyi kazi siku ile. Na kama kinagonga ubao unapoanza kukata kwa pembe, kuna kishikio kidogo cha kukiinua na kidole, halafu unakiachilia diski ikiisha kuingia.

Jenereta ina tabia yake. Esansi ikiisha kati ya kazi, mashini inanyamaza, na mutu anaiweka chini akifikiri imekufa. Kama kitufe kilikuwa kimefungwa, na mwenzake anawasha jenereta, musumeno unaamka peke yake. Umeme ukikatika, achilia kitufe na uchomoe kwanza. Ralonji iwe nene, milimeta 2,5 za mraba, na ifunguliwe yote. Ikibaki imeviringika inapata moto, na motere inakosa nguvu.

Jambo moja nilikuta mahali pengine na linaniogopesha kuliko waya: diski ya mbao kwenye mashini ndogo ya kukatia chuma, meuleuse. Ile ndogo inazunguka karibu mara 11 000 kwa dakika, zaidi ya mwendo ulioandikwa kwenye diski nyingi za mbao. Haina kifuniko cha kujifunga, na haina sahani ya kulala juu ya ubao. Hapana, hata kwa lati moja.

Miwani ya kazi na cache-nez vinajulikana, ni kuvaa tu. Unga wa muti mugumu unaharibu pua na mapafu kwa miaka. Glavu za kitambaa na mikono mirefu ya shati havifai karibu na diski: vinavutwa, na mukono unafuata.

Mutu akikatwa, gandamizeni kidonda na kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufungua kila mara kuangalia. Hapana udongo, hapana majani, hapana petroli. Kama damu ya muguu au mukono haisimami, fungeni juu ya kidonda na kitambaa kipana, si waya wala kamba nyembamba, kazeni na kijiti, na andikeni saa. Kidole kilichotoka kifungwe ndani ya kitambaa safi, ndani ya sashe, na sashe iwekwe juu ya maji baridi, kisiguse barafu. Kiende na mugonjwa. Hospitalini ulizeni sindano ya tetanosi.

Papa alimaliza lati zake siku tatu nyuma yake, kifuniko kikiwa wazi kwa kujifunga. Mwezi wa kesho nitapita kwenye koperative zote zilizopokea mashini ile. Nitakuja na serre-joint mbili kwa kila moja na kitambulisho cha diski za kununua, na mbele ya komite nitaomba kusikia ile tak.