Ndege wa Hori ya Mida na Majira Yao

Msafiri apitaye Mida, karibu na Watamu katika pwani ya Kenya, wakati maji yamepwa, huona matope na mikoko tu, akadhani kwamba mahali hapo hapana faida. Kumbe matope hayo ni ghala. Ndani yake wamo kaa, minyoo na konokono wasiohesabika, na kila mwaka ndege wa nchi za mbali huja kula humo.

Ndege hao huanza kufika mwezi wa Agosti, kusi ingali ikivuma. Mmoja wao ni mdogo, mwenye uzito wa gramu 60 hivi na mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini. Huyu huzaliwa Siberia, katika nchi za baridi kali. Wakubwa hutangulia kuja, na makinda hufuata baadaye, pasipo kuongozwa na wazazi. Mwingine ni mkubwa zaidi, mweupe mwenye mgongo mweusi, na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Yeye hutoka pwani za Ghuba na Bahari ya Sham, ambako huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu.

Muda wote wa kaskazi ndege hao hufuata maji, wala hawafuati jua. Maji yakipwa hutawanyika kula, hata usiku. Yakijaa hukusanyika mahali pakavu. Kwa hiyo atakaye kuwatazama na afike maji yanapoanza kujaa, asimame kimya kwenye daraja la mbao lipitalo katikati ya mikoko, nayo maji yatamsogezea ndege karibu.

Miezi ya Machi na Aprili ina maana kuliko yote. Yule mdogo hubadili manyoya yake ya kijivu yakawa mekundu kama tofali, naye hula mpaka akanenepa, kwa kuwa mafuta hayo ndiyo masurufu ya safari. Ndege afukuzwaye mara kwa mara hupoteza saa za kula, na aondokaye amekonda huenda asifike. Masika yakikolea, wengi wamekwisha kwenda. Wanaobaki zaidi ni vijana wasiokuwa tayari kuzaa.

Wenyeji nao wana sehemu yao. Mwaka wa 2001 shirika la A Rocha Kenya lilianzisha mpango ambao kwa huo ada za wageni wa daraja husaidia kulipa karo za watoto wa sekondari. Basi aitunzaye mikoko ya Mida hutunza chakula cha ndege, na karo ya mtoto pia.