Nyoka wa Haicheng, wachimbaji wa Tangshan

Mwisho wa mwaka 1974, kule Haicheng, kaskazini-mashariki ya China, watu waliona mambo ya kushangaza: nyoka wanatoka mu matundu katikati ya baridi kali, wanafika juu ya theluji, wanakufa palepale. Nyoka wa kule analala chini ya udongo mpaka baridi iishe. Panya nao walikuwa wanatembea ovyo kama walevi.

Tarehe 4 mwezi wa pili 1975, saa moja na dakika 36 ya usiku, inchi ikatetemeka kwa nguvu ya 7,3. Nyumba nyingi zilianguka, lakini watu wengi walikuwa inje, juu wakubwa walikuwa wamewaamuru watoke. Tangu siku ile watu wanasema: nyoka njo waliokoa Haicheng.

Tupime hayo maneno pole pole. Nyoka walianza kutoka wiki nyingi mbele. Mutu gani atalalisha watoto inje wiki hizo zote sababu ya nyoka? Kilichowatoa watu ni matetemeko madogo-madogo, mamia, yaliyofuatana siku za mwisho. Hayo kila mutu aliyasikia mu miguu yake.

Kisha ikakuja Tangshan, muji wa makaa ya mawe. Tarehe 28 mwezi wa saba 1976, saa tisa na dakika 42 ya usiku, watu wamelala. Hakukuwa matetemeko madogo ya kuwaamsha. Serikali ilihesabu wafu zaidi ya 240 000. Huko pia, nyuma ya musiba, watu walikumbuka imbwa waliolia na kuku waliokataa kuingia. Lakini imbwa analia siku nyingi, na tetemeko haliji.

Sasa sikia hii: ekipe ya usiku, maelfu ya wachimbaji, walikuwa chini mu mugodi, na karibu wote walitoka wazima. Tetemeko linatikisa zaidi juu ya udongo kuliko ndani ya jiwe gumu, na nyumba ya matofali isiyo na chuma inaanguka mbio. Fikiri wewe: umeme umekatika, unapanda gizani mpaka juu, na kambi ulimoacha bibi na watoto haiko tena.

Je, nyama anajua kitu? Ndiyo, kidogo. Tetemeko linatuma mawimbi mawili. La kwanza ni jepesi, linakimbia karibu kilometre 6 kwa sekunde; la pili, lenye kubomoa, linakuja nyuma. Imbwa anasikia la kwanza, mutu mara mingi hapana. Kama tetemeko limeanza kilometre 60 mbali, imbwa anakupita sekunde saba hivi. Ku Kalemie, tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili 2005, wakati nguvu ya 6,8 ilitoka mu ziwa Tanganyika, sekunde saba zingetosha kubeba mutoto mumoja mpaka ku lupango.

Panya wa mugodi ni habari ingine. Yeye hatabiri tetemeko. Anasikia muti na jiwe vikianza kupasuka mbele ya sikio letu. Wakikimbia wote upande mumoja, toka kwanza, uulize ukiwa juu. Wachimbaji wa makaa wa Pennsylvania, kule Marekani, walijua hiyo zamani: saa ya kula, walikuwa wanawakatia panya kipande cha mukate wao.